Dereva wa Basi la Mlimani

Tuwan, Kitale
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwako Mzee Wakhungu,

Koo linaendeleaje? Binti yako Nabwile aliniambia daktari amekukataza hata kunong'ona, na kwamba kuandika kwa simu kunakushinda kwa sababu kidole chako kimoja kinabonyeza herufi tatu. Basi nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoagiza. Kibiwott wa shatoli, ile matatu ya Bungoma, atakuletea barua hii mkononi.

Mzee, nimeudhika. Ningekupigia kelele kwa simu kama ungeweza kunijibu.

Wamerudia *Basi la Mlimani*. Ian, yule mwenye duka la kuweka muvi kwa flashi pale karibu na stendi, aliniita Ijumaa akiwa anacheka peke yake. "Nasro, muvi yako ya utoto imetengenezwa upya, bana! Ina helikopta!" Nikaichukua mbio. Nikajifungia mchana kwenye ukumbi wa video nikaitazama kabla ya kuwatafsiria watu kwa maiki, kama ulivyonifundisha.

Wamemuua dereva. Dakika ya kumi na mbili, Mzee! Watekaji wanaingia, basi linageuzwa kuelekea mlimani, dereva anakataa kupita kwenye daraja bovu, wanampiga risasi, mwisho. Hakuna anayemtaja tena. Baada ya hapo ni mwanamke polisi na helikopta na moto mpaka jina la mwisho lipite. Kwenye ile ya zamani dereva alizimia tu, akapelekwa hospitali, na mwishoni akarudi kituoni na bendeji kichwani kuchukua kofia yake ya bluu. Kila mtu wa Tuwan aliyewahi kukusikiliza anajua hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa muvi yenyewe. Watu walilia hapo, hawakulia kwa sababu ya risasi.

Nimeamua hivi. Jumamosi tarehe 22 ndiyo onyesho la mwisho kabla ya mfungo, na nimeshaandika ubaoni: ZAMANI NA MPYA, AMUENI WENYEWE. Nitaanza na ile ya zamani kwa sauti yako, kisha mpya kwa sauti yangu. Ian anatafuta picha ya zamani kwenye mtandao. Mimi nahitaji kaseti yako, ile uliyokuwa ukijirekodi na redio huku ukitafsiri. Najua unayo, hutupi kitu. Nitumie kwa Kibiwott.

Nisalimie Nabwile.

Wako,
Nasro Abdinasir


Kanduyi, Bungoma
Alhamisi, 6 Februari 2025

Nasro mwanangu,

Barua yako imefika, na ile flashi uliyoiweka ndani imefika pia. Nabwile aliichomeka kwenye televisheni tukaitazama pamoja. Alilala katikati ya milipuko, na mimi nikabaki nikikasirika bila mtu wa kukasirika naye. Ni shida kubwa kwa mtu kama mimi kutazama muvi mbaya bila sauti ya kuitukana.

Huyo mtekaji mpya ana meno meupe kama ya tangazo la dawa ya meno. Mtu anayeteka basi hana wakati wa kunyoa ndevu vizuri hivyo. Yule wa zamani alikuwa anachechemea, unakumbuka? Hakuna aliyesema kwa nini anachechemea, nawe ukakaa ukijiuliza ni nani alimuumiza. Huyu mpya ametueleza maisha yake yote kwa simu akiwa ameshika bunduki. Halafu mvua. Zamani basi lilipanda mlima dakika tano nzima bila mtu kusema neno, ni vile vifagio vya kioo tu vinakwenda huku na huku. Nilikuwa naweka maiki chini hapo. Siku hizi wanaogopa kimya, wanajaza muziki.

Kwa hivyo nakubaliana nawe, mpya haifai.

Kuhusu kaseti, nimetafuta sijaipata. Vitu vyangu vilihamishwa nilipokuwa hospitalini. Wewe onyesha hiyo mpya tu, uitafsiri kwa nguvu, watu watafurahi. Ya zamani iache ilale.

Wako,
Wakhungu


Tuwan, Kitale
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mzee wangu,

"Iache ilale"? Ni wewe kweli uliyeandika hayo? Wewe uliyenifukuza ukumbini miaka kumi iliyopita kwa sababu niliruka sehemu ya kucheza ngoma?

Nimezungumza na Nabwile. Anasema hakuna kitu kilichohamishwa, kabati lako liko vile vile na ufunguo uko shingoni mwako. Mzee, mbona unanizungusha?

Nikueleze ni kwa nini naitaka, kwa sababu labda unadhani ni biashara. Unajua baba yangu alikuwa dereva. Basi lake lilitekwa njia ya Lodwar nikiwa na miaka saba, na hakurudi. Sijawahi kukuambia hili katika miaka yote ya kufundishana: kwenye muvi yako kulikuwa na dereva mmoja aliyetekwa akarudi. Huyo mmoja tu. Nikiwa na shida mpaka leo namwona anavyofungua mlango wa kituo, bendeji kichwani, ananyoosha mkono juu ya ndoano na kuchukua kofia. Sasa watu wa helikopta wamekuja kumuua na huyo. Nataka watu wa Tuwan wamwone akirudi, na wamsikie kwa sauti yako, ukisema "deleva" vile unavyosema.

Ubao uko nje tangu wiki jana. Watu wananiuliza barabarani. Shafi, mwenye ukumbi wa zamani, amesema atakuja na wazee wote wa msikitini waliokuwa wakija enzi hizo. Siwezi kufuta.

Nitumie kaseti.

Nasro


Kanduyi, Bungoma
Jumatano, 12 Februari 2025

Nasro,

Nimekumbuka. Kaseti nilimwazima Wangila wa Misikhu, yule fundi wa redio, miaka mingi iliyopita. Nafikiri panya waliila.

Nakuomba kama mzazi, usionyeshe ya zamani. Futa neno moja tu pale ubaoni. Sitaki kuandika zaidi, mkono unauma.

Wakhungu


Tuwan, Kitale
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kwako Wakhungu,

Kibiwott alisimama Misikhu jana nikiwa nimemwomba. Wangila anakusalimu sana. Anasema hajawahi kuona kaseti yako yoyote, na pia kwake hakuna panya, ana paka wawili.

Lakini hiyo si kitu. Ian amepata muvi ya zamani. Nzima, na maandishi ya Kiingereza chini. Nimeitazama jana mara mbili.

Dereva anakufa.

Anakufa dakika ya arobaini, darajani. Hakuzimia. Wanamfunika na koti. Abiria mmoja anamfumba macho, maandishi yanasema waziwazi kabisa kwamba amekwenda. Na yule mwenye bendeji wa mwishoni si yeye. Ni ndugu yake, anafanana naye, alipata ajali akikimbilia kituoni. Anafungua mlango na kumwambia karani, "Nimekuja kuchukua kofia ya ndugu yangu." Hayo ndiyo maneno. Wewe ulikuwa unasoma Kiingereza, mimi nikiwa mtoto nilikuwa sijui hata kusoma jina langu. Ulijua.

Ulitudanganya ukumbi mzima. Ulinidanganya mimi, miaka ishirini na mitano, na ukanifundisha kazi juu ya huo uongo. "Nasro, usiongeze chumvi kwenye kifo," si ndivyo ulivyokuwa ukiniambia? Ian ananicheka. Aliniambia, "Kwani ulifikiri staringi ni dereva?" Nimekasirika mpaka sijui nimkasirikie nani kwanza.

Nami nilienda kila mahali nikisema hii mpya imeharibu hadithi. Kumbe wao wamemuua kama alivyouawa. Walichotoa ni ndugu na kofia tu.

Kama una kitu cha kusema, sema. Kama huna, kaa na kaseti yako.

Nasro


Kanduyi, Bungoma
Jumatatu, 17 Februari 2025

Nasro mwanangu,

Kaseti imo ndani ya bahasha hii. Haikuliwa na panya. Imekuwa kabatini kwangu, ndani ya soksi, tangu mwezi wa sita mwaka wa elfu mbili.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, nawe uniamulie.

Wakati ule nilikuwa nakuja Kitale kila Jumamosi asubuhi na kurudi Bungoma jioni. Wiki ile nilisikia kwenye redio kwamba basi limetekwa njia ya Lodwar na dereva amepigwa risasi. Redio haikusema zaidi. Nilipofika stendi nikaambiwa dereva ni Abdinasir, jirani wa Shafi. Nilipopita Tuwan niliangalia nyumba yenu. Nasro, niliangalia sana. Hakukuwa na hema. Hakukuwa na moto uani, hakuna gari la kuleta maiti, hakuna viti vya kukodi, hakuna mtu wa kulia njiani. Mimi ni Mbukusu. Kwetu mtu akifa analetwa nyumbani, analala uani kwake, watu wanakesha, na hata ng'ombe wanajua kuna msiba. Niliona nyumba imetulia na viatu vingi vya wanawake mlangoni, nikasema moyoni, wamekuja kumpa mama pole, mgonjwa yuko hospitali, atapona. Nikafurahi kabisa.

Muvi ya siku hiyo ilikuwa imeshaandikwa ubaoni tangu wiki iliyotangulia. Nilitaka kubadilisha, lakini kanda nyingine zilibaki Bungoma. Nikaanza. Ukumbi umejaa. Ndipo nikakuona wewe umekaa mbele kabisa karibu na miguu ya Shafi. Nilidhani amekuleta ucheze kidogo, mama akiwa na wageni nyumbani.

Yaliyotokea darajani utayasikia mwenyewe, upande wa kwanza, karibu na mwisho. Siwezi kuyaandika.

Baadaye Shafi alinitoa nje akanishika mkono. Aliniambia, "Mzee, yule tulimzika Alhamisi. Huko huko Lodwar." Nilimuuliza, "Mnamzikaje mtu bila kumrudisha kwake?" Akaniambia kwao mtu akifa anazikwa siku hiyo hiyo, mahali alipo, na kuchelewesha si vizuri. Nilikaa chini pale kwenye ngazi. Nilikuwa nimewaona watu wote wakinyamaza ghafla wakati nikitafsiri. Nilidhani wamefurahi. Kumbe ukumbi mzima ulijua isipokuwa wawili, mimi na wewe.

Ningerekebisha Jumamosi iliyofuata. Lakini ulikuja ukaniomba uone tena dereva akirudi. Na iliyofuata. Na iliyofuata tena. Ningesema nini? Nilikuwa mwoga. Halafu siku moja ukaacha kuja, nikajua umeambiwa. Uliporudi ukiwa msichana mkubwa kutaka kujifunza kazi, hukusema kitu, nami nikashukuru Mungu kwa kutosema kwako. Ndiyo sababu nilikuwa mkali. Nilitaka uwe bora kuliko mimi hapo pa kifo.

Sasa sina sauti. Kila mtu ananihurumia, lakini mimi nakumbuka nilivyoitumia siku ile.

Wakhungu


Tuwan, Kitale
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mzee wangu Wakhungu,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilitaka ungoje kidogo, kama nilivyongoja mimi.

Redio ya kaseti haikupatikana kirahisi. Ian hana, maduka yote yananicheka. Mwishowe Shafi alitoa ya kwake juu ya kabati, imejaa vumbi. Nikaipeleka nyumbani, maana sikutaka kusikiliza peke yangu, tukakaa mama na mimi mezani baada ya chakula cha mchana.

Uko vizuri, Mzee. Nilisahau jinsi ulivyokuwa mzuri. Mama alicheka ulipomwita mtekaji "mwanaume wa kukopa kiatu kimoja." Halafu basi likafika darajani. Risasi. Kimya. Na kwenye kile kimya kuna sauti ya mtoto, karibu kabisa na redio: "Dereva amekufa?"

Ni mimi. Sikumbuki kuuliza. Nakumbuka jibu tu.

Unasikika ukivuta pumzi. Mtu nyuma anakohoa. Halafu unasema, kwa sauti yako ya kawaida, si ile ya muvi, "Hapana mama. Deleva amezimia tu. Ataludi." Na hakuna mtu ukumbini anayesema neno lolote.

Mama alizima redio. Nikamwambia basi na yeye aseme, kwa sababu naye aliniambia baba amesafiri, na akakaa eda ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi akinidanganya kuwa ni mgonjwa, na mimi nikingoja mtu mwenye bendeji afungue mlango. Nilipaza sauti, Mzee, nilimpigia mama yangu kelele. "Mimi nilikuwa nangoja uniulize," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema, leo akiniuliza nitamwambia. Si hukuniuliza. Ulienda ukauliza Mbukusu mwenye maiki."

Nikaanza kuondoa sahani mezani.

Jumamosi sikuweka kaseti. Nilionyesha ya zamani na nikaitafsiri mwenyewe. Wazee wa msikitini walikuja, Shafi akakaa mbele. Mama naye alikuja, mara ya kwanza maishani mwake kukanyaga ukumbini, akakaa mwisho kabisa karibu na mlango na mkoba magotini. Basi lilipopanda kuelekea darajani niliweka maiki chini wakati wa vile vifagio vya kioo, kama wewe. Risasi ilipolia nikaishika tena nikasema, "Dereva amekufa."

Wewe watazamaji wangekuachia, lakini si mimi. Mmoja akapiga kelele, "Ati amekufa? Si huyu hurudi na bendeji!" Mwingine, "Staringi hafi, bana, wacha kutuharibia!" Nikasimamisha picha. Nikawaambia dereva amekufa, amekufa hapo darajani, na yule wa bendeji ni ndugu yake amekuja kuchukua kofia. Kama kuna mtu anataka dereva arudi, atoke nje. Sikukusudia kuwa mkali hivyo. Shafi akageuka akawaambia wanyamaze, na wakanyamaza, na nafikiri wale wa zamani walijua nazungumza juu ya nani.

Mwishoni ndugu alipoingia kituoni sikutafsiri kitu. Nilimwacha achukue kofia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ya zamani na mpya, Mzee, na nilikuwa naitafuta mahali isipokuwepo. Si kwamba dereva alipona. Ni kwamba kuna mtu alikuja kuchukua kitu chake. Hawa wa helikopta wamelichoma basi na kofia ndani yake, hakuna aliyeuliza.

Na nikuambie jambo la kukuudhi: watu wameipenda mpya. Walishangilia helikopta mpaka bati likatetemeka. Nilipouliza ipi bora, mikono karibu yote ilikuwa ya mpya. Ian alinyoosha miwili. Nimekasirika mpaka leo.

Nawe bado nimekukasirikia. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine inategemea jibu la barua hii.

Hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kwenda Lodwar. Mama alikuwa ndani ya eda, mimi nilikuwa mtoto, kisha ikawa hivyo tu, miaka. Shafi ndiye anayejua kaburi lilipo, alikuwa miongoni mwa waliomzika. Baada ya Idi tunakwenda, mama, Shafi na mimi. Kuna kiti cha nne.

Nasro


Kanduyi, Bungoma
Jumatano, 26 Februari 2025

Nasro mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, na Nabwile ameisoma mara moja akalia, akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna mtu aliyeyaomba.

Watu waliopiga kura ya helikopta ni wajinga. Hilo kwanza.

Nitakuja. Nitafika Kitale siku moja kabla, nilale kwa Shafi. Nabwile ataniandalia dawa za safari. Nitabeba daftari na kalamu ili nisiwe mzigo.

Kwetu mtu akienda kaburini baada ya miaka mingi hivi, hawezi kwenda mikono mitupu. Kuna cha kubeba, kuna cha kusema, kuna wa kutangulia na wa kufuata. Kwenu sijui. Sijui kama mgeni kama mimi anasimama au anakaa, anavua kiatu au anakivaa, na kama mama yako atapenda niwe karibu au mbali. Mwaka ule niliangalia nyumba yenu kutoka barabarani nikajijibu mwenyewe.

Niandikie mapema uniambie. Safari hii nauliza kwanza.

Wako,
Wakhungu